Picha ndogo za rangi ya mafuta: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Ninachora Mbeya, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba, maeneo ya Forest. Karibu kila picha inayotoka humo inaenea ndani ya mkoba wa shule. Wanaokuja kuangalia, wanafunzi wangu wa Jumamosi, na wanaonipigia simu kutoka Iringa, Njombe na Tukuyu huniuliza maswali yaleyale, na mengi yanastahili jibu refu kuliko lile ninalolitoa nikiwa nimeshika brashi. Nimeyaweka hapa.

Kwa nini unachora picha ndogo hivi?

Kwa sababu vitu ninavyovipenda havikai.

Chukua ukungu wa Loleza. Mwezi wa sita, saa moja asubuhi, ukungu hushuka ukatulia mabegani mwa mlima, kilele kikaonekana kama kimekatwa na mwili wake. Wakati huo wa mwaka jua limeegemea kaskazini, nyuma ya mlima, kwa hiyo upande unaotazama mji uko kivulini na ukungu unaangazwa kutoka nyuma. Si mweupe hata kidogo. Chini una zambarau hafifu, juu una njano ya maziwa ya mtindi, na pale unapokutana na miti unachukua kijani ambacho hukioni mpaka uache kukitafuta. Jua likipanda kidogo tu unaanza kuraruka, na kabla chai haijapoa hakuna tena nilichokuja kukichora.

Nina dakika ishirini, siku nyingine kumi na tano. Katika muda huo siwezi kujaza kanvasi ya mita moja. Nitapaka robo ya anga, na robo tatu zilizobaki nitazipaka kwa kukumbuka, na kumbukumbu yangu huupaka kila ukungu kijivu kilekile. Lakini kibao cha sentimita 15 kwa 20 ninaweza kukifunika chote, kona hadi kona, mlima ukiwa bado mbele yangu. Kila mguso umetoka kwenye asubuhi moja.

Miaka ya mwanzo nilichora makubwa, kwa kuwa niliamini mchoraji hupimwa kwa upana wa kanvasi. Nilikuwa na picha ya mita moja na nusu ya mbuga za Usangu ambayo nilihangaika nayo miezi minne. Ilikuwa na mahali pamoja tu palipokuwa hai, chini kushoto, ambapo jioni moja nilipaka ng'ombe watatu na vumbi lao bila kurudia mguso hata mmoja. Siku moja nikachukua wembe, nikakata pale, nikakitundika kile kipande ukutani. Kilikuwa na ukubwa wa daftari. Tangu siku ile kabla sijatoa kibao mkobani najiuliza kwanza: hiki kitu kitakaa hivi kwa muda gani? Jibu ndilo linaloniambia ukubwa.

Ndogo ni kiasi gani?

Ninatumia vipimo vitatu: sentimita 10 kwa 15, 15 kwa 20, na 20 kwa 25. Cha kati ndicho ninachokitumia zaidi. Nikizidi sentimita 30 upande mmoja, mkono unaanza kazi nyingine: nguvu inatoka begani badala ya kifundoni, na kila mara lazima nirudi nyuma hatua tatu kuangalia. Picha ndogo unaichora na kuitazama palepale ulipo, kama unavyosoma barua.

Je, hizi ni mazoezi ya picha kubwa utakayochora baadaye?

Hapana. Naelewa swali linatoka wapi, maana wachoraji wengi wakubwa walizitumia hivyo. Georges Seurat wa Ufaransa, alipokuwa akiiandaa picha yake kubwa ya watu katika kisiwa cha La Grande Jatte kati ya 1884 na 1886, alichora kwanza vibao vidogo vingi akiwa hukohuko kisiwani. John Constable wa Uingereza alichora mawingu ya Hampstead mwaka 1821 na 1822, picha ndogo za mafuta juu ya karatasi, na nyuma yake akaandika tarehe, saa na upepo ulikotoka. Zoea hilo la Constable nimelichukua. Nyuma ya vibao vyangu utasoma kitu kama "Loleza, 14 Juni, saa 1:10 asubuhi, upepo wa kusini, baridi kali". Yeyote atakayekimiliki kibao kile anaimiliki na asubuhi yake.

Lakini kuna picha zilizozaliwa ndogo na zikabaki ndogo. Yule msichana mfuma lesi wa Johannes Vermeer, aliyetundikwa Louvre, Paris, ana sentimita 24 kwa 21 tu. Ndege wa Carel Fabritius, aliyefungwa mnyororo kwenye kituo chake, alichorwa mwaka 1654 kwenye ubao wa sentimita 33.5 kwa 22.8, na hakuna anayemtazama akatamani awe mkubwa.

Mimi nilijaribu mara mbili kukuza kibao kiwe kanvasi. Mara zote mbili kilichokuwa mguso mmoja wa brashi kikawa shamba zima linalodai kujazwa, nikalijaza kwa vitu ambavyo sikuviona. Nikaacha.

"Rangi ya mafuta" ni ile ya kupaka madirisha na mageti?

Jina ni moja, vitu ni viwili. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya mafuta utapewa ile ya kopo, inayong'aa, inayokauka kwa siku moja. Ni rangi nzuri kwa kazi yake, na ina heshima yake katika sanaa ya nchi hii. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi hizo hizo za kopo juu ya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, na mpaka leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima. Rangi ile inapenda mistari safi na maeneo bapa yenye mng'ao.

Ninayoitumia mimi inatoka kwenye tyubu. Ni unga wa rangi uliosagwa na mafuta ya mbegu za kitani, yale ambayo mafundi wa fanicha huyaita linsidi, nayo inakaa mbichi siku kadhaa. Ubichi huo ndio utamu wake: unaweza kusogeza ukingo wa wingu kwa kidole saa tatu baada ya kulipaka. Sam Ntiro, mchoraji wetu kutoka Kilimanjaro, alichora vijiji, migomba na watu wakiwa kazini kwa rangi hii ya mafuta, na jumba la sanaa za kisasa la New York lilinunua picha yake moja. Kwa hiyo rangi hii si ngeni kwetu kama wengi wanavyodhani.

Tyubu zinapatikana wapi?

Mbeya mjini mara mojamoja, kwenye maduka makubwa ya vifaa vya shule na ofisi, zile ndogo za wanafunzi. Dar es Salaam kuna uchaguzi mpana zaidi. Mimi huagiza nyeupe tyubu kubwa na rangi nyingine ndogo, maana nyeupe huisha kabla ya zote. Faida moja ya vibao ambayo watu hawaifikirii: tyubu ya mililita 37 ya samawati inanitosha miezi mingi.

Unapaka juu ya nini?

Hadibodi, ile ya kahawia yenye uso mmoja laini na mgongo wenye alama kama za gunia. Seremala wangu wa Mabatini hunitunzia vipande vinavyobaki akimaliza migongo ya makabati, na hunikatia kwa vipimo vyangu kwa msumeno wa meno madogo ili kingo zisichanike.

Napiga msasa uso laini mpaka mng'ao uondoke. Nafuta vumbi. Kisha nagundisha kitambaa cha marekani kwa gundi nyeupe ya useremala, nikikibana kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke, na kingo nazikunja nyuma. Si lazima uweke kitambaa. Mimi napenda brashi ikwaruze kidogo. Kikikauka napaka praima, yaani rangi ya msingi, nyeupe ya akriliki, matabaka matatu, la kwanza kwa wima, la pili kwa ulalo, la tatu tena kwa wima, na katikati msasa mwepesi. Mgongo nao naupaka tabaka moja, kwa sababu kibao kilichozibwa upande mmoja hujipinda mvua zikianza.

Hatua hii ya praima wanafunzi wangu huitamani kuiruka. Usiiruke. Mbao au kitambaa kisichopakwa kitu kinafyonza mafuta kutoka kwenye rangi, rangi inabaki kavu na inapukutika kama chaki. Kibaya zaidi, mafuta yanapokomaa hutengeneza asidi inayoozesha nyuzi za kitambaa. Kama praima huna, rangi nyeupe ya maji ya ukutani itakufaa kwa mazoezi. Kwa picha unayotaka kumuuzia mtu, subiri upate praima.

Mwisho kabisa nafuta juu yake kahawia kidogo iliyozimuliwa, halafu nakausha kwa kitambaa, kibao kibaki na rangi ya chai ya rangi. Nyeupe tupu inaumiza macho ukiwa nje, na kila rangi unayoiweka juu yake inaonekana nyeusi kuliko ilivyo.

Kwa nini nisitumie mafuta ya alizeti? Si yamejaa hapa kwetu?

Hili swali nalipenda kwa sababu lina akili. Alizeti inakamuliwa kila kona, kuanzia Iringa mpaka Songwe, na bei yake ni nafuu. Mimi mwenyewe nililijibu kwa vitendo na nikaumia.

Nilichora Daraja la Mungu la Kiwira, picha niliyoipenda sana, na tyubu yangu ya kahawia ilikuwa imekauka nusu, nikailainisha kwa alizeti ya jikoni. Nikampa mjomba wangu Tukuyu, akaitundika sebuleni. Mvua za kwanza zilipokuja na kumbikumbi wakaja, kama kawaida yao, wakizunguka taa usiku. Nilipokwenda kumsalimia alinionyesha. Mabawa yao yalikuwa yamenata kwenye picha nzima, mamia, kuanzia majini hadi angani. Ilikuwa imepita miezi minane na rangi ilikuwa bado inanata kidoleni. Mjomba hakusema neno la lawama, alisema tu, "Mwanangu, sikuwagusa, nilifikiri utataka kuwaona." Nilirudi nayo Mbeya. Haikuweza kusafishwa.

Sababu ni hii. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo, kwa maji kuondoka. Mafuta yanavuta oksijeni ya hewani, yanashikana yenyewe kwa yenyewe, na kugeuka ngozi ngumu. Tena hapo mwanzo picha huongezeka uzito badala ya kupungua. Si kila mafuta yanaweza. Ya kitani yanaweza vizuri, ya walnati pia. Ya alizeti yanajaribu na mara nyingi huishia njiani. Ya parachichi, ambayo nayo naulizwa sana na watu wa Rungwe, hayakauki kamwe, wala ya mawese. Na yale ya kitani ya kopo la fanicha yamechemshwa na kutiwa dawa za kukausha, yanageuka kahawia haraka. Tafuta yaliyosafishwa kwa ajili ya uchoraji.

Na tapentaini? Tina?

Tina usiitumie kuzimulia rangi. Ni kali mno, inaharibu brashi na inaumiza kifua. Tapentaini halisi inatokana na utomvu wa miti ya paina, na ukinunua nusa kwanza: inanuka kama kiwanda cha mbao cha Mafinga asubuhi. Niliwahi kuuziwa chupa yenye jina hilo ambayo ndani ilikuwa mafuta ya taa, na picha tatu zikabaki na utando wa greizi. Fungua dirisha unapoitumia. Kwa vibao vidogo unahitaji kifuniko kimoja cha soda kwa asubuhi nzima, na brashi unaweza kuziosha kwa mafuta ya kula na baadaye sabuni ya mche.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa pamoja kwenye pipa. Yale mafuta yanapovuta oksijeni hutoa joto, na fundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe usiku bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au vitie kwenye ndoo ya maji.

Unatumia rangi ngapi?

Sita: nyeupe ya titani, njano ya limau, oka ya njano (njano ya udongo), nyekundu, samawati ya altramarini (buluu iliyokolea), na kahawia iliyoungua. Nyeusi naitoa mara chache. Kijani sinunui.

Wanashangaa hapo, kwa sababu nyanda za juu ni kijani kila upande. Ndiyo maana. Kijani cha tyubu ni kimoja, na hapa kwetu hakuna vijani viwili vinavyofanana. Jani jipya la mgomba wa Tukuyu, jua likiwa nyuma yake, ni njano ya limau na ncha tu ya samawati. Paina za Sao Hill ukiziona kwa mbali ni altramarini na oka, na samawati ndiyo inayotawala. Chai ya Katumba kivulini naipata kwa nyeusi na njano, jambo ambalo huwezi kuliamini mpaka uchanganye mwenyewe. Milingoti (mikaratusi) michanga ina kijivu chenye ubuluu, kama vile imepakwa majivu. Na karibu kila kijani ninachokichanganya nakitia tone la nyekundu, kwa sababu kijani kisicho na wekundu ndani yake kinaonekana cha plastiki.

Udongo mwekundu wa Iringa unaweza kuwa rangi?

Unaweza, na ni furaha ambayo ningependa kila mchoraji wa mikoa hii aipate angalau mara moja. Wekundu wake ni oksidi ya chuma, yaani kutu, na haufifii juani. Nje kidogo ya mji wa Iringa, Igeleke, kuna michoro ya kale mwambani ya wekundu huohuo. Ukisimama pale unaona watu wa kale walikuwa na duka la rangi chini ya miguu yao, kama ulivyo wewe.

Chota udongo usio na mizizi. Koroga na maji mengi kwenye ndoo, subiri nusu dakika mchanga uzame, mimina maji mekundu kwenye ndoo nyingine. Rudia mara nne au tano. Acha yatulie usiku kucha, mwaga maji safi ya juu, anika tope kwenye sinia. Likikauka lisage, funga kitambaa puani maana vumbi lake si zuri kwa mapafu, kisha lichanganye na mafuta ya kitani matone machache juu ya kioo na ulisage tena kwa kitako cha chupa mpaka lisikwaruze. Itachukua mkono mzima wa kulia na subira.

Na ukipata udongo wa njano, jaribu hili: weka kijiko kimoja kwenye kikaango cha zamani juu ya jiko la mkaa. Mbele ya macho yako njano itageuka machungwa, halafu nyekundu. Wanafunzi wangu huomba tuurudie kila muhula.

Chumba cha kuchorea kiwe na dirisha upande gani?

Vitabu kutoka Ulaya vinasema kaskazini. Kwao ni sawa, kwa sababu jua lao halifiki kaskazini. Sisi tuko upande mwingine wa ikweta. Mbeya jua hupita utosini karibu katikati ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari; kati ya hapo linakuwa kusini, na miezi iliyobaki yote linakuwa kaskazini. Dirisha la kusini basi linakupa mwanga uliotulia kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kama miezi saba. Kuanzia Novemba natundika shuka jeupe dirishani. Nilikaa miaka miwili na dirisha la kaskazini kwa kutii kitabu, jua likinichoma kibao kila ifikapo saa tano asubuhi.

Picha hukauka kwa muda gani kwenye baridi hii?

Polepole kuliko Dar es Salaam. Tabaka jembamba ambalo Oktoba linashikika baada ya siku tano, Juni nalisubiri siku kumi na zaidi. Kahawia hukauka kwanza, kwa sababu ina manganizi inayoharakisha; nyeupe na nyeusi huchelewa. Kama unapaka tabaka juu ya tabaka, la chini liwe na mafuta machache na la juu mengi, vinginevyo la juu litakauka kabla ya la chini na kupasuka. Kwenye vibao mara nyingi namaliza kwa kikao kimoja, tatizo hilo silipati.

Usizifiche kabatini zikikauka. Mafuta ya kitani hugeuka njano gizani. Ikikutokea, itoe kwenye mwanga wa chumba wiki kadhaa na sehemu kubwa ya njano itaondoka. Vanishi nasubiri miezi sita hadi mwaka.

Huoni aibu kuchora sokoni watu wakikusimamia?

Mwanzoni niliona. Ninachokumbuka zaidi ni siku moja Mwanjelwa. Kulikuwa na mama ameketi nyuma ya mafungu ya nyanya, na fungu moja lilikuwa limepigwa na jua kupitia tundu la turubai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu nyanya."

"Asante mama. Naomba nikae hapa pembeni nilichore hilo fungu."

"Unalinunua?"

"Nalinunua mama, ila naomba lisiguswe nusu saa."

Akakubali. Mara akanyoosha mkono, akaigeuza nyanya ya chini kidogo, akaurudisha mkono mapajani. Wateja walipokuja na kulielekea fungu lile aliwazuia: "Hilo lina mwenyewe." Nikapaka haraka. Nyanya haina nyekundu moja: pale jua lilipogusa ilikuwa waridi karibu na nyeupe, kivulini ilikuwa kama damu ya mzee, na chini kabisa, ilipokaribia gunia, ilichukua kahawia ya gunia lenyewe.

Nilipomaliza nikamgeuzia kibao. Alikitazama muda mrefu, akakisogeza karibu na uso. "Umeliona doa," akasema. Kwenye ile nyanya ya chini kulikuwa na sehemu iliyoanza kulainika, ndiyo aliyokuwa ameigeuza, na ukingo wake ulikuwa bado unaonekana. Nilikuwa nimeupaka bila kujua ni nini. Aliitoa nyanya ile, akaweka nzuri badala yake, akaongeza mbili juu. "Ndaga," nikamwambia, yaani asante, akacheka kusikia Kinyakyusa changu.

Kwa picha ya ukubwa wa kiganja watu wanasogea karibu, hawasimami mbali wakinong'ona. Aibu inaisha yenyewe.

Ukienda milimani unabeba nini?

Sanduku la mbao lenye mifereji ndani, vibao vinne vinasimama bila kugusana. Brashi tatu, kisu cha rangi, kopo dogo lenye kifuniko, vitambaa. Kitulo, huko juu zaidi ya mita 2,600, upepo hauruhusu stendi yoyote. Nakaa chini na kuweka kibao magotini. Maua ya kule hayachumwi, ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kwa hiyo unalifuata ua mahali lilipo na unakubali kulowa.

Naweza kuchora kutoka kwenye picha ya simu?

Unaweza, ukijua simu inakuficha nini. Inaua vivuli vikawa vyeusi na anga ikawa nyeupe. Itumie kukumbuka umbo, mfano mkunjo wa paa au pembe za ng'ombe. Rangi iandike kwa kalamu ukiwa palepale: "kivuli cha ukuta: zambarau, si kijivu".

Kwa nini picha ndogo hivi inauzwa laki na zaidi?

Kibao changu cha 15 kwa 20 chenye fremu nakiuza shilingi 120,000. Wengine hupima kwa macho na kuona ingekuwa kanvasi kubwa ingestahili. Nawaambia ukweli kwamba rangi na hadibodi ni sehemu ndogo. Kwa kila kibao kinachotoka, vitatu hivi napangusa kwa kitambaa hukohuko mlimani, na asubuhi zake nazo zimekwenda. Tena picha ndogo haina pa kujificha: mguso mmoja mbovu ni sehemu kubwa ya picha nzima. Atakayeniomba nipunguze kwa kuwa ni ndogo, nakataa kwa upole. Atakayeniomba alipe kwa awamu, nakubali.

Nikikuagiza utanitumiaje?

Ikiwa imekauka kweli, kwa basi. Naweka vipande vya kizibo kwenye kona nne, kibao cha pili kinaegemea vizibo badala ya rangi, kisha kadibodi pande zote. Gazeti silitumii kabisa, linaacha maandishi kwenye rangi.

Watoto wanaweza kutumia rangi hizi?

Kuanzia miaka kumi na miwili, na mtu mzima akiwepo. Wadogo wape rangi za maji. Baadhi ya nyekundu na njano zina kadimiamu, ni sumu ukiila, kwa hiyo hakuna kula wala kung'ata brashi chumbani kwangu.

Picha yangu ya kwanza nichore nini?

Parachichi. Likate katikati, weka nusu yenye kokwa kwenye sahani nyeupe karibu na dirisha. Utapata kijani cha giza kwenye ganda, kijani cha chokaa chini yake, njano katikati, na kokwa yenye mng'ao mmoja mdogo ambao ni dirisha lako lenyewe. Anza na kivuli cha sahani, watu hukiacha mwisho na kinawashinda. Usichore mstari kwanza. Weka maeneo matano ya rangi, makubwa, kwa brashi pana kuliko unavyotaka, halafu angalia kipi ni cheusi mno.

Nyama yake ikianza kuwa kahawia karibu na kokwa, weka brashi chini hata kama unaona bado. Andika nyuma tarehe na saa. Nawa mikono kwa sabuni vizuri, kisha chukua ile nusu ambayo hukuichora, tia chumvi, ule.